Siti Aliyoiacha Baba

Nilipovunjika mguu, kila aliyekuja kunitazama alileta maneno mawili: "ugua pole" na "asiyesikia la mkuu huvunjika guu". La kwanza nililipokea. La pili lilinichoma, kwa sababu mimi la mkuu nililisikia, tena kupita kiasi.

Baiskeli ilikuwa ya baba. Alirudi nayo kutoka Turiani alikokuwa akikata miwa: baiskeli ya kiume, nyeusi, yenye stendi ya miguu miwili. Mimi mtoto wa kike sikuruhusiwa hata kuipangusa vumbi. Baba alipofariki nilikuwa darasa la sita, na baiskeli ikakaa chumba cha ndani, imefunikwa shuka, mpaka nilipopata ualimu. Hapo mama akanikabidhi. Shule ninayofundisha ni mwendo wa nusu saa kwa baiskeli kutoka nyumbani kwetu hapa Mlali.

Siti ilikuwa juu mno. Kila nikikanyaga, kiuno kilikwenda kushoto na kulia, na nikitaka kusimama ilibidi nitafute jiwe la kukanyagia au niruke. Mafundi wakisema tuishushe kidogo, niliwajibu kwa ukali. Nati ile ilikazwa mara ya mwisho na mkono wa baba, na mtu wa kuilegeza hakuwa amezaliwa. Wazee njiani walinisifu: "Umekaa kama marehemu!" Nami nikazidi kunyoosha mgongo.

Miaka tisa nilikaa hivyo. Mwaka jana, kwenye mteremko wa kushukia darajani, pikipiki ikanikatia mbele. Nilifunga breki, baiskeli ikasimama vizuri tu, nikashusha mguu. Mguu haukukuta ardhi. Nilianguka kama gunia, baiskeli ikanilalia, na mfupa chini ya goti ukavunjika.

Hospitali ya mjini walinifunga hogo la plasta kuanzia pajani hadi kwenye vidole. Siku walipolikata, goti lilikuwa gumu kama mlango uliovimba kwa mvua. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja asiye na maneno mengi, alipojua nina baiskeli akaniambia niitie stendi ndani ya nyumba na nikanyage humo humo, kila siku. "Lakini siti ishuke," akasema. "Weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke, kiuno kisiyumbe." Nikamwitikia kwa mdomo tu.

Basi baiskeli ikasimama sebuleni, gurudumu la nyuma likiwa hewani. Nilipanda kwa kukanyaga kigoda, nikashika usukani, nikaanza safari ya kuelekea kwenye kabati la vyombo. Majirani walichungulia mlangoni.

"Mwalimu, leo umefika wapi?"

"Turiani."

"Basi utuletee sukari!"

Nilicheka nao. Wakiondoka, niliwatukana kimoyomoyo. Mama alikaa kwenye mkeka akichambua maharage. Alinitazama ninavyoyumba juu ya siti ile, kisha akageuza uso. Nilidhani ananionea huruma.

Siti sikuishusha. Baada ya majuma kadhaa goti lilivimba. Nikarudi kwa yule dada, akaliminya huku na huku, akaniuliza habari ya siti. Nilipojaribu kudanganya alinikatiza. "Ukiendelea hivi litabaki hivi hivi. Baiskeli uisahau." Nilirudi nyumbani nikiwaza njia yote ya kwenda shuleni, kwa miguu na fimbo, maisha yangu yote. Nikamwita fundi.

Fundi alimwamkia mama, "Shikamoo," akapiga magoti kando ya baiskeli na kulegeza nati. Siti haikushuka. Bomba lake lilikuwa limezungushiwa ukanda wa mpira wa tyubu, umekazwa mzunguko juu ya mzunguko. Siku zote nilidhani ni wa kuzuia kutu.

"Huu si wa kutu, mwalimu," akasema. "Huu umefungwa ili siti isishuke."

Akaukata. Chini yake, karibu kabisa na siti, chuma kilikuwa na alama imezunguka bomba, imelika kwa kubanwa miaka mingi.

"Mwenyewe alikuwa anakaa hapa," fundi akasema, akaishusha siti hadi kwenye alama na kukaza nati.

Nilipanda. Kisigino kwenye pedeli, pedeli chini. Mguu ukanyooka sawasawa, na kiuno hakikuyumba. Miaka yote hiyo nilimkumbuka baba kuwa mtu mrefu sana. Kumbe miguu yetu ilikuwa ya urefu mmoja, na wale wazee wa "umekaa kama marehemu" walikuwa hawakumbuki lolote.

Fundi alipoondoka nilimuuliza mama. Hakuinua macho kwenye maharage.

"Alipoanza kuumwa alijua hataipanda tena. Alikuona unavyoitazama. Akasema mtoto wa kike akizoea barabara, hatulii nyumbani. Akaipandisha siti usiifikie."

"Na wewe ulijua?"

"Mpira niliukata mimi. Nikamshikia siti, yeye akafunga."

"Mama! Miaka yote hii?"

"Ulikuwa unajivunia nayo, mwanangu. Ningeanzia wapi?"

Kumbe nilichokuwa nakiita urithi kilikuwa kufuli. Jioni ile nilimchukia baba. Mama nilimchukia zaidi, kwa sababu yeye yupo hai na alinitazama nikiyumba. Sikumwambia. Nilipanda baiskeli nikakanyaga mpaka jasho likadondokea sakafuni, na goti, nadhani kwa kunikomoa, likaanza kukunjika.

Nilipopata ruhusa ya kutoka nje nilikwenda shuleni. Kwenye mteremko wa darajani hapakuwa na pikipiki wala mbuzi, lakini nilifunga breki makusudi, nikashusha mguu. Unyayo ukagusa chini. Nilisimama pale nikilia kwa hasira, hadi watoto wa shule wakanipita wakisema, "Shikamoo mwalimu," nikaitikia marahaba na kamasi usoni.

Jioni mama alikuwa mlangoni akiningoja.

"Umekwendaje?"

"Vizuri," nikamjibu. "Mguu unafika chini."

Akaipokea baiskeli, akaingia nayo ndani bila kuniangalia.