Amina ya Bibi

Juzi kanisani Kasulu nilimwona mkalimani kando ya mhubiri mgeni, nikamkumbuka bibi.

Alasiri moja nikiwa mtoto, kwetu Kibondo, kanisa lilinukia majani mabichi tuliyotandika sakafuni. Mhubiri, Mrundi aliyekuwa amezunguka Rwanda na Kongo akihubiri, alisema kwa Kirundi, mkalimani akageuza kwa Kiswahili. Bibi, aliyejua Kiha tu na aliyesinzia kila Jumapili ibada ikiendeshwa kwa Kiswahili, aliitikia "Amina!" kabla mkalimani hajafungua mdomo.

"Mama, bibi kashukiwa na Roho!" nilinong'ona. "Anaelewa lugha za nje!"

Mama alicheka mpaka akajifunika kitenge usoni.

Leo najua Muha na Mrundi wanaelewana bila mkalimani. Lakini siku ile, njiani kurudi nyumbani, bibi alikuwa akifuta machozi.

"Mjukuu wangu," aliniambia, "miaka yote hii nilidhani Mungu ni Mswahili."