Plagi ya Trela kwa Mama Mkwe

Mimi ni mwepesi wa hasira, na waya uliolegea hunikasirisha kuliko mtu mwongo. Kwa hiyo niseme mapema: kosa ninalolisimulia hapa lilikuwa langu, si la waya.

Mama mkwe wangu ni fundi cherehani mjini Bungoma. Aliteleza akavunjika mkono wa kulia, na plasta ilipotolewa vidole vilibaki vigumu kama vijiti. Mke wangu akamleta huku Kitale ili amtunze. Kwetu mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe, wala hatupeani mkono, wala hatukai chumba kimoja, kwa hiyo tukamkodia chumba kwenye ploti ya jirani hapa Matisi. Mchana, nikiwa kazini kwenye duka la dawa za mifugo, alishinda kwangu. Nikirudi, ameshavuka ua. Miaka kumi na moja ya ndoa, na ninachokijua zaidi ni mgongo wake na salamu zake za nyuma ya mlango.

Daktari alitaka vidole vifanye kazi kila siku. Alimpa mpira wa kufinya, mama akaudharau. Lakini sebuleni nilikuwa na sanduku la mchezo nililoliunda mwenyewe kwa plaiwudi, televisheni kuukuu na kompyuta ndogo. Lina kishikio cha njia nne na vifungo viwili, na kazi ni kukamata matunda yanayoanguka. Mke wangu akaniambia kwamba mama amelikodolea macho. Basi nikamtengenezea ubao wake, wa kuwekwa badala ya wangu: vifungo sita vipana na laini, vilivyoachana kwa kipimo cha vidole vyake. Kipimo alinitumia mwenyewe, uzi wenye mafundo.

Kila ubao ulikuwa na nyaya saba, sita za kazi na moja ya kurudisha umeme. Nilizifunga vibanio vya chuma vya kuchomeka kimoja kimoja, nikavipaka rangi, nikaandika kwenye karatasi maelezo ya kubadilisha ubao, maana jioni nilicheza mimi, nikaenda zangu kazini nikijiona bingwa.

Jioni ya tatu mke wangu alinipokea akiwa mnyonge.

"Mama amefunga mzigo. Anasema mkono yake imekufa. Ati akiiambia kulia, inaenda kushoto."

Nilifungua sanduku. Waya mwekundu wa kulia na ule wa rangi ya machungwa wa kushoto zilikuwa zimebadilishana nafasi. Macho ya mama hayakuweza kuzitenganisha rangi hizo. Siku tatu nzima mkono wake ulikuwa ukisema kweli, na kifaa changu kikiusingizia uwongo. Niliona aibu mpaka nikakosa hamu ya chakula. Na nisingeweza kuvuka ua kwenda kumwonyesha.

"Si umwambie kosa ni langu," nikasema.

"Nimemwambia. Anasema unamfariji tu. Nimemwomba angoje siku mbili."

Kesho yake niliomba ruhusa nikazunguka maduka ya vipuri. Nilipata soketi ya pikipiki yenye ndoano, plagi pana ya printa za zamani yenye skrubu mbili, na ya duara ya maikrofoni, ile ya kuzungusha. Mwisho, kwa muuza spea za trekta, nikaona plagi ya trela: meno saba ndani ya duara la plastiki, na kinundu pembeni kinachoizuia kuingia vibaya.

"Trela yako ni ya tani ngapi?" akauliza.

"Ni ya mama mkwe."

"Ati nini? Acha mchezo, bana!"

Nilivipanga vyote kwenye ungo, safari hii bila karatasi. Mke wangu akampelekea, na ombi likawa moja tu: avichomeke na kuvichomoa kwa mkono ule, akiwa amefumba macho.

Ungo ulirudi kabla ya saa kumi. Vitatu vilikuwa vimefungwa uzi mweusi, alama ya kuvikataa. Plagi ya trela haikuwa na uzi, na ilikuja na ujumbe: "Mwambie mkwe, kifungo cha kuelezwa si kifungo."

Nimesoma habari za soketi mtandaoni mpaka macho yakauma, na jambo hilo sijalikuta popote. Nilistaajabu, na bado nastaajabu.

Nilizifunga nyaya za kila ubao kwenye plagi yake ya trela. Mke wangu alikuwapo mama alipochomeka ubao wake. Alibonyeza kulia, kikapu kikaenda kulia. Akautazama mkono, akabonyeza tena, akacheka, akaenda kufungua mzigo. Tangu hapo, kila jioni nilikuta ubao wangu umerudishwa mahali pake, umepanguswa, na kwenye kioo kuna alama nyingi kuliko zangu.

Aliondoka kurudi Bungoma nikiwa kazini. Nilikuta sanduku limevikwa kitambaa cha kijani, chenye tundu la kupitishia plagi. Ukingo wa tundu ulizungushiwa mishono midogo iliyobanana, na pembeni aliacha kapengo kadogo, palepale kinundu kinapopita. Mkono ule sijawahi kuushika, wala sitaushika. Nilipitisha kidole kwenye mishono ile, nikazunguka nayo mpaka nilipoanzia.

"Ameshona kwa mkono gani?" nikamuuliza mke wangu.

"Ule uliokufa."