Dume Aliyeuzwa kwa Mdomo

Katika soko la mifugo la Garsen bei haisemwi, hushikwa. Dalali na mnunuzi hupeana mikono chini ya shuka, vidole vikabinyana, kila kidole na thamani yake, na waliosimama kando wasione ila kitambaa kinachotikisika. Sadia aliijua lugha hiyo tangu utotoni. Babake alimfundisha kwa mchezo, kando ya zizi. Lakini mwanamke wa Kiorma hampi mkono mwanamume asiyekuwa wake wala ndugu yake, basi ujuzi huo ukabaki kama kanga nzuri isiyopata harusi.

Miaka nenda miaka rudi alikuja mjini na madumu ya maziwa kutoka Minjila. Maziwa hayakumsumbua, maana kwao maziwa ni ya mwanamke, na hakuna mume anayeuliza yameendea wapi. Taabu ilikuwa ng'ombe. Mwaka mmoja wa ukame alimuuza mtamba wake mwenyewe, zawadi ya babake siku ya ndoa. Alisimama nje ya uzio akilitazama shuka la Jibril, dalali mkongwe wa pale, mpaka akaletewa pesa.

"Bei ya leo mbaya, mama Ikran," Jibril alimwambia. Atabisha vipi, naye hakusikia kitu?

Safari hii mnyama hakuwa wake peke yake. Wauza maziwa walichanga wakanunua ndama dume, mbavu zote nje. Priscilla na wenzake wakulima wa kijiji cha Wema wakaleta mabua ya mahindi na pumba za mpunga kutoka mashambani mwao. Sadia na wenzake wa Minjila wakamlisha na kumtibu. Dume akanenepa hata watoto wakaogopa kumpita. Walichotaka ni friji ya sola, maziwa yasichachuke kabla hayajapata mnunuzi. Bei ikifika elfu tisini, friji wanayo. Isipofika, ni kurudi kwenye ndama mwingine na mbavu zake.

"Tumpe Jibril tu," Priscilla alinong'ona walipofika kwenye uzio.

"Halafu atwambie bei mbaya?" Sadia akaizungusha kamba ya dume kiganjani, akaingia naye.

Jibril, ambaye siku hiyo alikuwa akimnunulia tajiri wa Mombasa, alimwona akalikunjua shuka taratibu, watu wapate kutazama. "Karibu, dalali mpya! Haya, lete mkono."

Soko likaangua kicheko. Sadia masikio yalimwaka moto, lakini kamba hakuiachia.

"Nauza dume, mzee. Mkono siuzi."

"Basi sema kwa mdomo, soko zima likusikie!"

"Elfu tisini!" Sauti ilimtoka nyembamba. Akameza mate, akarudia kama anayeita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. "Elfu tisini! Amekula mabua ya Wema huyu! Njooni mumshike mgongo!"

"Sitini," Jibril akasema, huku akicheka.

Hapo ndipo alipokosea. Chini ya shuka, sitini ingekuwa siri ya watu wawili. Kwa mdomo, ilifika mpaka kwenye malori, na Abdulnasser, mwenye bucha Malindi, akakiweka chini kikombe chake cha chai.

"Yule kwa sitini? Mimi sabini!"

"Sabini na tano!" Jibril akajibu kabla hajafikiri.

Watu wakaacha mbuzi wao wakaja mbio. Vumbi likatimka. Priscilla, aliyetaka kurudi nyumbani muda mfupi uliopita, alikuwa ameshapanda juu ya uzio, kanga kiunoni.

"Themanini!" Abdulnasser akasema, akimpapasa dume nundu.

"Mzee Jibril, mbona shuka liko begani leo?" mtu akamtania. "Au vidole vimelala?"

"Themanini na tano," Jibril akasema. Hakucheka tena.

Sadia alimgeuza dume ubavu wa pili, jua limpige, akangoja.

"Tisini, kama alivyosema mama," Abdulnasser akatamka. "Lori langu lile pale."

Sadia akamtazama Jibril. "Mzee?"

Jibril alitazama kwenye simu yake kikomo alichopewa na tajiri, akamtazama dume, kisha akalikunja shuka. "Mchukueni."

Kigelegele cha Priscilla kilimshtua dume, nusura amburute Abdulnasser hadi kwenye lori. Wanawake wa maziwa waliofuatana nao wakakumbatiana, madumu mikononi yakigongana, wakicheka na kulia.

Nje ya uzio alikuwepo bibi mmoja na beberu wake, akingojea dalali kama wanawake walivyozoea kungojea. Akamwita Sadia kwa mkono.

"Mama Ikran, na huyu wangu mpigie kelele."

Sadia akaondoa mti uliofunga mlango wa uzio.

"Ingia kwanza, mama. Halafu bei yako useme mwenyewe. Kwa sauti."