Kwenda Haraka, Kurudi Polepole

Veturia wa ghorofa ya tatu ndiye aliyeanza. Tulikuwa tunaanika nguo, akaniinamia sikioni: "Umesikia? Aglaia ameikataa tiketi ya ndege. Wamekosana na Smaranda, yule mpwa wake wa Bergamo. Mungu ananiona."

Sikuamini. Shangazi Aglaia ni jirani yangu wa mlango kwa mlango, na tangu Smaranda ajifungue huko Italia, siku haiishi bila kunionyesha picha za mtoto. Yeye ndiye mama wa ubatizo. Jumapili mtoto anatimiza mwaka, na kwetu hapa mjini Iași nywele za kwanza hukatwa na mama wa ubatizo. Asipofika, mkasi utashikwa na mwingine, na hilo hatalisahau.

Miaka yote alikwenda kwa basi, siku moja na nusu, mitungi ya kabichi ya chumvi imembana miguuni. Safari ya mwisho alishuka miguu imevimba kama mikate, daktari akamkataza kupanda basi tena.

Nikaenda kwake nimembeba mwanangu Ilinca. Nilimkuta jikoni, tiketi mezani, miwani kwenye ncha ya pua.

"Shangazi, wanasema mmekosana na Smaranda."

"Nani, Veturia? Huyo akikosa la kusema atasema paka wangu dume ana mimba." Akanisogezea tiketi. "Hebu soma. Kwenda, inaruka saa nne, inatua saa tano na nusu. Kurudi, inaruka saa saba, inatua saa kumi na nusu. Njia ni ileile, kilomita elfu moja na mia nne. Sasa kwenda inakimbizwa na nani? Rubani wa mbio hizo, mimi simpandii."

Nilihesabu kwa vidole. Kweli, tofauti ilikuwa saa mbili nzima. Mimi mwenyewe sijawahi kupanda ndege.

"Labda upepo," nikasema.

"Upepo gani huo? Huo ni mwisho wa dunia!"

Tukampigia Smaranda kwa video. Alikuwa anamlisha mtoto, na nyuma yake ukutani niliona saa. Kwetu ilikuwa saa tatu kamili, yake inasema saa mbili.

"Smaranda, saa yenu imesimama?"

"Haijasimama, dada. Huku tuko nyuma yenu kwa saa moja."

Shangazi alimkodolea macho. "Na hukuniambia? Kwa basi mtu hushuka hajui hata ni siku gani, sembuse saa!"

"Shangazi, nilidhani unajua!"

Tukahesabu upya. Kwenda tuliongeza saa moja, kurudi tukapunguza saa moja. Saa mbili na nusu, kote kote. Shangazi akarudia peke yake, midomo ikimchezacheza.

"Kwa hiyo nikienda napewa saa moja, nikirudi wananinyang'anya."

"Ndiyo hivyo."

"Waitaliano hao!"

Tulicheka mpaka Ilinca naye akacheka bila kujua kitu. Halafu Shangazi aliikunja tiketi, akaikunjua.

"Jumamosi utanisindikiza uwanjani?"

"Nitakusindikiza."

"Basi nisikilize, binti yangu. Nikifika pale pa ukaguzi nikageuka kurudi, usinionee huruma. Nisukume."