Tulipomfuata Karisa Marereni

Tuliondoka kwa sababu uwanja wetu ulikuwa umeshakitwa vigingi. Wapima ardhi walikuja wakati wa likizo, na tuliporudi chuoni tukakuta vijiti vyekundu kuanzia goli la kusini hadi katikati. Hapo ndipo mabweni mapya yangejengwa.

Chuo chetu cha ualimu, nje kidogo ya mji wa Kilifi, hakikuwa na uwanja mwingine. Huo wenyewe ulikuwa na mteremko wa kuelekea baharini, na kwenye kona moja jiwe la matumbawe lilichomoza nyasini. Hata hivyo timu ngeni ziliuogopa. Siku ya mechi watu wa mjini walijaa chini ya mivinje, na upepo ulikuwa wetu.

Mkuu wa chuo hakutuficha. "Bodi itakutana msimu ukiisha," alituambia. "Mkifanya vizuri nitakuwa na la kuutetea uwanja. Mkivurunda, sina."

Mimi nilikuwa nahodha, beki wa kati, mzaliwa wa Junju. Nilijua hesabu yetu ilivyo. Wachezaji wakongwe walikuwa wamehitimu, waliobaki wageni wa ligi, na mechi ya kwanza ingekuwa nyumbani dhidi ya mabingwa kutoka Mombasa. Mfungaji wetu alikuwa mmoja tu, Karisa, naye hakurudi baada ya likizo. Tulisikia yuko kwao Marereni. Basi Ijumaa asubuhi mwalimu wetu wa michezo, Mwalimu Mutiso, aliniambia twende tukamlete.

Tulifika Malindi jua limepanda. Tukala mahamri na mbaazi, kisha, tukisubiri gari la kuendelea, tukapita kwenye uwanja mmoja ambapo vijana wa mji walikuwa mazoezini. Magoli yao yalikuwa na nyavu. Mwalimu Mutiso, mtu wa Machakos asiyependa maneno mengi, alisimama akatazama muda mrefu.

"Hawa wako tayari," akasema.

"Na sisi tukimpata Karisa, mwalimu?"

"Tukimpata, tutapigana."

Kutoka Malindi tulipata lori lililokuwa likienda kupakia chumvi. Tulivuka daraja la Sabaki, maji yake mekundu kama udongo wa Jilore, tukapita Gongoni. Kadiri tulivyokwenda kaskazini ndivyo miti ilivyozidi kuwa mifupi.

Marereni tuliingia alasiri. Mashamba ya chumvi yalikuwa yameenea mbele yetu, meupe, yakiumiza macho. Maji ya bahari huingizwa kwenye mabwawa, jua likayakausha, kisha watu huikokota chumvi kwa mbao na kuirundika. Karisa alikuwa mmoja wa hao watu. Alipotuona aliweka chini ubao wake, akaja mbio, halafu akapunguza mwendo akichechemea.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Miguu imefanya nini?"

"Chumvi tu." Alikuwa peku. Nyayo zake zilikuwa zimepasuka, na mipasuko yenyewe imefura na kuwa myekundu. Nilimpa mkono.

Alitupeleka kwao. Baba yake, Mzee Charo, alikuwa amelazwa kitandani ukumbini. Alikuwa amefanya kazi kwenye chumvi tangu ujana, mpaka gunia lilipomwangukia mgongoni. Tangu siku hiyo hakusimama tena. Msimamizi alikubali mtoto ashike nafasi ya baba, lakini akasema kwamba akiiacha, atapewa mwingine.

Mama yake alitukaribisha kwa furaha iliyonitia hofu. Kabla hata hatujaeleza safari yetu, aliingia ndani akatoka na furushi la nguo zilizofuliwa na kukunjwa.

"Nilijua mtakuja, mwalimu," alisema. "Mchukueni. Asome. Sisi Mungu yupo."

Karisa alilitazama furushi. "Mama, wadogo zangu watakula nini?"

"Tutalima."

"Mutalima wapi, mama? Hapa?"

Mama akalikaza fundo la furushi. Mzee Charo aligeuza uso ukutani. Tulimsikia akisema, "Mwambieni aende," lakini sauti yake ilikatika.

Mwalimu Mutiso alijaribu mara moja tu. "Karisa, chuo kitakupokea hata ukichelewa muhula. Mimi nitakusemea."

"Najua, mwalimu. Ndiyo maana nilikuwa naogopa utakuja." Akanigeukia. "Kazungu, mna nani mbele?"

Nikamtajia jina la mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza.

"Ana mguu wa kushoto?"

"Hana."

Karisa alitikisa kichwa, kisha akalichukua furushi mikononi mwa mama yake taratibu, akalirudisha ndani yeye mwenyewe.

Tulilala hapo, wakatupa mkeka wao mzuri. Alfajiri Karisa alikuwa ameshakwenda kazini. Mama alitusindikiza hadi barabarani, na lori lilipoondoka hakupunga mkono.

Njia nzima ya kurudi Mwalimu Mutiso alisema jambo moja tu, tulipokuwa tunapita Gede: "Usiwadanganye wenzako."

Nilijifunza katika safari ile kwamba nilikuwa nimemhesabu Karisa kama mabao. Nilikwenda kuomba mshambuliaji, nikamkuta mtu anayelisha nyumba nzima. Kumbe hata angekuja, ningekuwa nimeokoa nyasi kwa kuwanyima watoto chakula; na kwa kuwa hakuja, msimu ulipoisha nyasi nazo zilikwenda. Sikuona njia ya tatu, na mpaka leo siioni.

Kilifi tulifika Jumamosi saa za mazoezi. Timu ilikuwa uwanjani, ikicheza kwenye nusu isiyo na vigingi. Waliposikia tumefika, mpira ukasimama.

"Yuko nyuma?" aliuliza golikipa.

"Haji," nikasema.

Walinitazama, kisha mmoja akausukuma mpira, mchezo ukaendelea. Hakuna aliyeita apewe pasi. Mpira ulikwenda mguu kwa mguu, kama kitu ambacho kila mmoja alitaka kumwachia mwenzake.