Fimbo ya Kumi na Tano

Siku niliyomharibia Mmarekani kazi ya maisha yake, alinikumbatia mbele ya watu.

Sina sababu ya kuwadanganya. Siku hizi niko Jeddah, mtaa wa Ghulail, na ushahidi uko nyuma ya mlango wangu.

Wakati huo nilikuwa dereva wa hoteli moja pale Olaya, Riyadh. Mgeni wangu alikuwa Morgan, mcheza gofu. Ujanani, akicheza ridhaa, alibeba kombe la taifa lao. Watu wakasema huyu atatikisa dunia.

Akaingia gofu ya kulipwa. Miaka ishirini, hajashinda hata mashindano ya mbuzi.

"Hezron, nisiposhinda hapa kibali changu cha kucheza kinaisha," aliniambia garini. "Narudi kwetu kuuza bima."

Siku ya mwisho ya mashindano ikafika, yeye ndiye anaongoza. Asubuhi hiyo kedi wake, yule mbeba mfuko, akashikwa na tumbo la kuendesha.

Morgan akanikagua. "Una mabega," akasema.

Bosi wangu alipoombwa ruhusa akajibu, "Yalla, nenda."

Nikishusha mfuko, nikaona chini ya kiti fimbo moja kuukuu ya gofu. Ndiyo aliyoshindia lile kombe la ujanani, na alitembea nayo kama hirizi. Nikasema mzee kasahau. Dereva akibaki na mali ya mgeni garini, kesho anaitwa mwizi. Nikaitia mfukoni pamoja na zingine, roho safi.

Tukacheza mashimo mawili. Tukielekea la tatu, Zacharia, Mkenya mwenzangu aliyembebea mpinzani wetu, akachungulia mfuko wangu.

"Buda, hizo fimbo ni ngapi?"

Nikahesabu. "Kumi na tano."

"Mwisho ni kumi na nne. Ikizidi ni adhabu." Akatazama kando. "Lakini hakuna msee ameona. Tupa moja kwa hiyo miti, halas."

Jasho likanitoka, na halikuwa la jua. Nikinyamaza, Morgan ana kombe. Nikisema, ana bima. Nilitaka sana kunyamaza. Lakini kombe lingekuwa la uongo na yeye asijue, na hapo ndipo ningekuwa mwizi kweli.

"Bosi, niliweka ile ya zamani," nikamwambia Morgan.

Akaichomoa ile fimbo mfukoni. Kisha akainua mkono, akamwita mwamuzi, akajishtaki mwenyewe. Akaongezewa mapigo manne, mawili kwa kila shimo, na kwenye gofu mwenye mapigo machache ndiye mshindi.

Aliendelea kucheza kana kwamba ameongezewa sukari kwenye chai. Mimi nilibeba ule mfuko kama jeneza.

Tukamaliza wa pili, nyuma kwa mapigo matatu. Nilikuwa tayari nawaza ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, na ndege ya kurudi nyumbani. Nikafungua mdomo niombe msamaha, ndipo akanikumbatia.

"Miaka ishirini nimejiangusha kwa mikono yangu," akasema. "Leo umeniangusha wewe. Toa yale manne, nani ameshinda?"

"Ni wewe, bosi. Kwa pigo moja."

"Basi. Nilitaka kujua hilo tu."

Sasa anauza bima kwao, na ameomba kurudishwa ridhaa. Ile fimbo aliniachia. Komeo langu limevunjika, kwa hiyo ndiyo inashikilia mlango.

Funzo ni hili: kabla hujambebea mtu mzigo, hesabu. Ukikosea, mwambie mapema. Huenda amesubiri miaka ishirini apate mtu wa kumlaumu.