Anayegonga ukuta wa jikoni kwangu

Admin, naomba jina langu lisionekane, hapa Goma tunajuana sana. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, nina mume na watoto watatu. Nimefuatilia visa vya wenzangu humu muda mrefu na wengine niliwahukumu vibaya moyoni. Leo ni zamu yangu, nihukumuni mkishasoma mpaka mwisho.

Tunaishi katika nyumba ya mbao iliyoungana na nyumba ya kaka mkubwa wa mume wangu. Parseli, yaani kiwanja, ni yake, na nyumba zote mbili alijenga yeye, maana anauza mbao kule Birere. Jikoni kwangu na jikoni kwa mke wake kuna ukuta mmoja tu katikati. Huyo mke nitamwita Furaha, ingawa si jina lake. Chini ya ukuta kulikuwa na ubao mmoja ambao haukupigwa misumari, na wanaume hawakuujua. Jioni, mmoja wetu akikosa moto wa kuwasha babula, jiko la makaa, aligonga mara tatu kwa mwiko, mwenzake akausukuma ubao na kumpitishia makaa ya moto juu ya mfuniko wa sufuria. Miaka sita tuliishi hivyo. Palipita chumvi pale, palipita umbea, na siku moja alipita mtoto wangu wa mwisho akitambaa, tukamtafuta kote mpaka tukachoka.

Shemeji alikuwa anampiga Furaha. Kanisani anakaa mbele, anasalimia kila mtu kwa mikono miwili, na nyumbani anampiga mke. Mara ya kwanza nilimficha Furaha kwangu siku mbili. Mama mkwe alikuja akanisema mbele ya watoto, kwamba navunja nyumba ya watu. Mume wangu akaniuliza kama nina parseli mahali pengine tukahamie. Toka siku hiyo nilijifunza kuongeza sauti ya redio.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Ilikuwa Jumapili mchana, mvua inanyesha, mume wangu hayupo. Nilisikia Furaha anapigwa, halafu kukawa kimya, halafu nikasikia mara tatu pale chini. Hakugonga kwa mwiko, aligonga kwa mkono. Ubao ukasogea, nikaona vidole vyake vinne. Bidon ya maji ya lita ishirini ilikuwa karibu na mguu wangu. Niliisukuma ikaziba ule ubao. Vidole vilirudi ndani taratibu, wala hakuniita.

Jioni shemeji alituita akilia, akasema mke wake ameteleza kwenye mawe ya volkano nyuma ya choo. Tulimzika. Mama yake alishuka kutoka Rutshuru, mama mzee aliyefunga kitenge kiunoni, akakaa karibu yangu kwenye kilio, akanishika mkono.

"Mutoto yangu, weye njo ulikuwa karibu. Ni kweli kabisa alianguka?"

Mama mkwe alikuwa ananitazama. Nikajibu, "Ndiyo mama, alianguka."

Wiki ya pili baada ya kilio, upande wa pili ukiwa mtupu, shemeji amefunga na kufuli, nilikuwa nachambua majani ya sombe nikasikia kugonga. Mara tatu, chini, pale pale. Ikawa kila siku saa kumi na moja jioni. Mume wangu alisema ni panya. Basi panya gani anasogeza bidon iliyojaa maji? Maana kila siku niliikuta imesogea mbali na ukuta kiasi cha futi moja, sakafu kavu, na mimi kama mjinga nairudisha. Tulileta kikundi cha maombi, wakaimba, wakapaka mafuta mlango. Siku hiyo hiyo aligonga tena kabla hawajamaliza chai.

Mwezi uliopita shemeji alioa tena. Msichana wa Masisi, miaka ishirini, mpole, anacheka kidogo akiwa amefunika mdomo. Siku alipoingia ile nyumba, kugonga kulikwisha. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilijiambia Furaha ameona kuna mwenye nyumba mwingine, ameenda kupumzika.

Jumatano mimi na huyo msichana tulikuwa tunaanika nguo. Niliona mkono wake una alama ya bluu, damu imevilia, juu ya kiganja, nikageukia kamba yangu. Ndipo akaniuliza, kwa heshima kabisa, kama mtu anayeogopa kusumbua.

"Mama, juu ya nini uko unanigongea ku mbao kila mangaribi? Nikifungua ule ubao, minakuta bidon tu."

Ndugu zangu, mimi sijawahi kumgongea. Sijagusa ule ukuta tangu Furaha afe. Nilimjibu kwamba ni watoto wanacheza. Akaitika, akaenda na beseni lake.

Kwa hiyo Furaha hakuondoka. Amehamia upande wangu. Anakaa jikoni kwangu na kumgongea huyu msichana, na mimi nimeketi pale pale kwenye kigoda, sisikii kitu.

Msiniandikie kwamba nifunge na kuomba, nimefunga mpaka nimekonda. Wala msiniambie nihame, nikihama nitamwacha na nani? Najua nikifungua mdomo tutafukuzwa na mume wangu hatanisamehe. Hilo nimeshalipima. Leo asubuhi nimeitoa bidon nikaiweka nje uani. Saa kumi na moja nitausukuma ubao mwenyewe na kumwita huyo msichana. Ninachokosa ni maneno. Wamama mlio humu, nisaidieni: nianze kumwambia kile mume wake alichofanya, au nianze na kile nilichofanya mimi?